Idi si kifungu cha ufahamu mpaka mtoto akisome

Mwaka wangu wa kwanza kusomesha darasa la tatu hapa Wete niliandika kifungu cha ufahamu cha sikukuu: watoto wanakoga asubuhi, wanavaa nguo mpya, wanapewa mkono wa Idi, jioni wanakwenda kiwanjani. Maswali matano. Darasa zima likapata, nami nikarudi nyumbani kichwa juu. Siku ya pili nikagundua kuwa mmoja wa waliopata matano juu ya matano hajui kusoma hata neno "kaka". Mwenzake alimsomea maswali, majibu akayatoa kichwani.

Sikukuu inawachangamsha, lakini mtoto hujibu kwa anayoyajua. Siku hizi natafuta jambo la sikukuu ambalo hata kwao hawajalizungumza. Nilipendalo zaidi: kwa nini Idi haikai tarehe moja?

Kifungu ni mistari minane kwenye karatasi ya manila. Kinasema mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, kwa hiyo miezi 12 inafika siku 354 au 355, na kalenda ya ukutani ina 365. Basi kila mwaka Idi inarudi nyuma kiasi cha siku 11. Mwaka 2024 Idi ndogo ilikuwa Aprili. 2025 ikaangukia mwisho wa Machi.

Kabla ya kusoma, nawauliza wanavyodhani na kuandika yote upande wa kushoto wa ubao. Mmoja alisema Idi inahamishwa na serikali. Nikaandika, sikucheka. (Nilicheka ofisini.) Tukishasoma, kila jibu nalipokea kwa swali: "Umelisoma mstari wa ngapi?" Mtoto anakuja mbele, anaweka kidole. Asiyeonyesha mstari jibu lake silihesabu, hata likiwa sahihi. Mwanzo wananuna, wengine wanalia. Wavumilie. Mwisho tunarudi upande wa kushoto, na yule wa serikali anafuta mwenyewe.

Mapishi nayo yanafaa. Nakata hatua za kaimati vipande vipande wazipange. Anayekaanga kabla unga haujaumuka anachekwa na wenzake. Halua usiiguse, kila nyumba hapa ina fundi wake, mtabishana mpaka kengele.

Ukipata kalenda za zamani, wape wahesabu. Mwaka jana niliwapa mwanzo wa Ramadhani ya 2025, tarehe 2 Machi, wakawa wanatoa siku 11 kila mwaka. Walipofika 2030 kundi la nyuma likaanza kugombana: Ramadhani inaingia Januari, halafu inaingia tena mwisho wa Disemba. Msichana mmoja akasimama.

"Mwalimu, kwa hivyo mwaka huo tutafunga mara mbili?"

Kabla sijafungua mdomo, jirani yake akamuuliza: "Mstari wa ngapi?"