Jibu la swali la wiki: Nywele za mawimbi zataka maji, si pasi

Asalam aleikum mhariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mumeuliza mwenye nywele za mawimbi, zile si singa si kipilipili, azifanyeje zisimtoke timtim kwa hili joto la pwani bila kuzipiga pasi kila siku. Mie mzaliwa wa Kibokoni hapa Mombasa, nyumbani kwetu wanawake wote kuanzia bibi mpaka watoto wa dadangu wana nywele hizi, na swali hili nimelisubiri sana, manake kila nikisoma mambo ya urembo naona ushauri wa nywele za kusuka au wa nywele za kunyoosha, sie wa katikati hatuna mwenyewe.

Jibu langu ndo hili: mawimbi yanapangwa nywele zikiwa chapachapa, zikishaanza kukauka mikono kando. Ndani ya unywele kuna keratini, ile protini yake, na imeshikana kwa vifungo vidogo vidogo vya haidrojeni, maji yakiingia vinaachia, maji yakitoka vinafunga tena kwa umbo lolote nywele zilivyokaa wakati ule. Sasa wewe ukizichana zikiwa nusu kavu unavitawanya kabla havijafunga, unywele mmoja unaenda huku mwengine kule, na hapo ndo timtim inapozaliwa. Pasi nayo inacheza na vifungo hivyo hivyo, kwa hivyo Mombasa pasi ni hasara tupu, unyevu wa hewa hapa mara nyingi unapita asilimia 70, umenyoosha vizuri nyumbani, ukishuka feri Likoni zishafumuka zote, alafu jioni unachoma tena, na keratini ikishaungua kwa moto hairudi, mpaka uikate.

Kwanza jua zako ni zipi. Yule msusi wa Marekani Andre Walker, aliyekuwa akimtengeneza Oprah Winfrey, ndo aliyezigawa nywele kwa namba, 1 za singa mpaka 4 za kipilipili, zetu ni namba 2. Ndani yake kuna 2A zenye wimbi jepesi, 2B zinaanza kujipinda katikati, 2C mawimbi mazito tangu karibu na ngozi. Zioshe, usipake kitu, ziache zikauke zenyewe, utaziona. Za 2A zikitiwa mafuta kidogo tu zinalala chapa, 2C zinabeba zaidi, basi usinunue kitu eti kwa sababu kimemfaa shoga yako.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna anayelitaja na kwa Mombasa ndo kubwa kuliko yote, nalo ni maji. Maji ya bomba yanakuja kwa zamu, yakikosekana wengi wetu tunachota kisimani, na visima vingi vya hapa kisiwani ni vya chumvi, alafu maji yenyewe magumu, yana kalisiamu na magnesiamu zinazoganda juu ya unywele. Utaona nywele zimeoshwa lakini ukizishika zinakwaruza, hazing'ai, na mawimbi yamelala. Watu wanalaumu shampuu, wanahama chupa hii kwenda ile, kumbe ni maji. Na ukiosha kwa sabuni ya kipande ndo mbaya zaidi, sabuni na maji magumu vinafanya utando mweupe unaonata. Kwetu tunaosha kwa maji ya kisima lakini ya kusuuzia mwisho lazima yawe matamu, yale ya bomba tuliyoweka kwenye pipa au mtungi wa lita 20 wa mkokoteni, na masika ndo raha kwelikweli manake tunakinga ya mvua. Nywele zikiwa zishakuwa nzito, mara moja moja tia vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya maji, zimwagie, subiri kidogo, suuza. Siki inayeyusha ile chokaa, na harufu yake inaisha zikikauka.

Kuosha kwenyewe mie nafanya hivi. Shampuu naipaka kwenye ngozi tu, povu linalotelemka linatosha kusafisha chini. Kondishena naweka kuanzia masikioni kwenda chini, na hapo nikiwa nayo kichwani ndo nachana kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha napanda juu, na nikimaliza chanuo halirudi tena mpaka kuosha kwengine. Nikishasuuza nainama mbele ya beseni nywele zote zianguke mbele, zikiwa bado zinachuruzika natia jeli kwenye viganja, napaka kidogo kidogo, alafu nazikusanya kutoka kwenye ncha naziminya kupanda kichwani. Unasikia chwa chwa chwa ya maji kila ukiminya. Ukiwa husikii maji ujue zimekauka mno, ongeza. Baadae nazifuta kwa fulana kuukuu ya pamba kwa kuminya vile vile, taulo hapana, vinyuzi vyake vinaparuza na kufumua kazi yote. Kisha nakaa upande wa upepo na siziguzi. Zikikauka kabisa zitakuwa kavukavu na ngumu kwa ile jeli, usiogope, ndo inavyotakiwa, tia tone la mafuta viganjani uminye tena, ugumu unavunjika na mawimbi yanabaki laini. Mwenye haraka na atumie blodraya yenye kile kichwa kipana cha matundu, joto la chini, bila kuzipeperusha.

Jeli si lazima ya duka. Kata bamia kama saba, chemsha kwa vikombe viwili vya maji mpaka ute utoke, chuja kwa kitambaa chepesi ungali na joto manake ukipoa haupiti, weka kwenye friji, utatumia siku chache tu kabla haujaharibika. Ya dukani angalia gliserini isiwe juu juu kwenye orodha ya viungo, haswa hewa ikiwa nzito, gliserini inavuta unyevu wa hewa na kuuingiza kwenye unywele, unavimba. Na shea na yale mafuta mazito ya kopo, ni mazuri kwa nywele za kipilipili lakini za kwetu yanazikandamiza, manake unywele wa wimbi mafuta ya ngozi yanautelemkia kwa urahisi zaidi, utosini pashakuwa na mafuta yake, ni ncha ndizo zinazolia njaa.

Mafuta ya nazi je? Bibi anakuna nazi, anakamua tui, analichemsha mpaka mafuta yanajitenga, na mie nasimama na bibi kabisa kwa hili. Watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha mwaka 2003 kazi iliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini, wakakuta ni ya nazi peke yake yaliyopunguza protini inayopotea kwenye unywele, kwa vile yanapenya ndani badala ya kukaa juu. Ila yapake kabla ya kuosha, usiku au saa moja kabla, si baada, baadae yanazilaza. Na ukienda kuogelea ufuoni Pirates zilowanishe kwanza kwa maji matamu upake na nazi kidogo, zikiwa zishashiba hazitanywa chumvi nyingi ya bahari.

Tunaovaa ushungi tuna letu. Nywele mbichi usizifunge, hewa yenyewe ina unyevu, zitakaa majimaji chini ya kitambaa siku nzima, mba na harufu vinaanza hapo. Osha baada ya alasiri kama hutoki tena, mpaka isha zishakauka. Usiku wengi tunafunga leso, nayo ni pamba, inanyonya unyevu na kusugua, afadhali kipande cha satini, wauza vitambaa wa Biashara Street wanakikatia kwa bei ndogo, zikusanye utosini kwa kibanio legevu ujifunge. Na utie satini pia ndani ya ushungi ukiweza.

Hina naipenda lakini nawaambia wenye mawimbi mepesi, rangi yake inajishika na keratini yenyewe na ukirudia rudia mawimbi yananyooka kiasi. Ile inayoitwa hina nyeusi na piko mbali kabisa na ngozi ya kichwa, nyingi zina PPD, ile kemikali ya kutia rangi nyeusi, na kuna wanaofura uso kwa mzio wake. Saluni nako sema mapema kabla hujakaa kwenye kiti kwamba hutaki kunyooshwa, na ukikatwa mwambie akate ngazi ndefu ndefu nywele zikiwa kavu na mawimbi yake, aone zinakokwenda, manake zikikatwa zimelowa zinapanda baadae unajikuta na fupi kuliko ulivyotaka.

Wa harusi basi: osha siku moja kabla, si asubuhi ya siku yenyewe, mawimbi ya siku ya pili yanatulia na vibanio vinashika. Wakati wa kufukiza udi zikunjue juu ya chetezo zikiwa kavu kabisa, na kikuba cha asumini kifungwe mwisho, baada ya mafuta na kila kitu, asumini likigusa mafuta linageuka rangi kabla bibi harusi hajatolewa.