Binti wa kidato cha tatu na mafunzo ya sola wakati wa likizo

Dada, umeuliza kama umpeleke binti yako kwenye mafunzo ya sola ya likizo ya Juni, huku ukihofia ada na usalama wake. Mimi ni fundi, na ningemruhusu, ila ulizia kwanza kama wanafunzi hushika vifaa wenyewe, maana aliyewahi kupima juani paneli iitwayo ya volti 12, ikiwa haijaungwa na kitu, na kuona mita ikisoma volti 20 hivi hasahau somo hilo. Paneli haizimwi maadamu jua linawaka, kwa hiyo wafundishwe kuifunika kabla ya kuunga nyaya. Kupanda paa bila mkanda wa usalama, kataa kabisa. Ada ikikushinda, ulizia kozi fupi za VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania) kabla ya kukopa. Akirudi akitaka kufunga mfumo nyumbani, mwiteni fundi mwenye leseni aukague.