Ukitaka kupanda Lushoto kwa baiskeli

Mimi ni mwendesha baiskeli wa Tanga mjini, na Tanga, kama ajuavyo kila aliyewahi kuishi huko, ni tambarare. Kwa hiyo nilipoamua kwa mara ya kwanza kwenda Lushoto, juu milimani Usambara, kwa magurudumu mawili, nilipiga hesabu za mtu wa tambarare: kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, mimi huenda kilomita 25 kwa saa bila kuhema, basi saa moja na nusu baadaye nitakuwa nakunywa chai sokoni. Nilifika baada ya saa nne na nusu, na sehemu ya mwisho niliikokota baiskeli kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani asiyetaka kwenda. Tangu siku hiyo nimerudi mara kadhaa, na haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijapanda basi la Mombo.

La kwanza ni kuacha kuhesabu kilomita na kuhesabu mwinuko. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali Lushoto inakaribia mita 1,400, na sehemu kubwa ya kimo hicho hupandwa kabla ya kufika Soni, ambako ni kama nusu ya njia. Barabara hii ya lami, iliyochongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani, haina mahali ambapo mtu atasema ni ukuta. Ugumu wake ni kwamba haikupi nafasi ya kupumzika. Kila ukimaliza kona unadhani ndiyo ya mwisho, kumbe kuna nyingine juu yake, na chini kabisa unaona paa za Mombo zikiwa bado karibu mno.

Ndiyo maana gia ni jambo la kushughulikia nyumbani. Baiskeli nyingi za mashindano zinazouzwa kwetu kama mitumba zina gia ndogo ya mbele yenye meno 39 au 42, na kubwa ya nyuma yenye meno 23 au 25, mpangilio unaomfaa kijana wa mashindano na kuyaumiza magoti ya watu wengine wote. Mwambie fundi wako akutafutie ya mbele yenye meno 34 au pungufu, na ya nyuma yenye meno 32 au zaidi, kisha ahakikishe kwamba mnyororo una urefu wa kutosha kuzunguka zote mbili. Nilipofanya hivyo, mlima ule ule niliupanda kwa muda wa saa mbili na nusu nikiwa nimekaa kwenye tandiko, nikisalimiana na watu njiani. Watoto wa huko, niseme, hawana huruma: ukishuka kutembea tu, wanakimbia pembeni wakipiga kelele, "Pandisha! Pandisha!"

Lala Mombo, katika gesti yoyote iliyo mbali kidogo na barabara kuu, uondoke saa kumi na mbili asubuhi. Joto la Mombo si la kuchezea, na kufikia saa tatu jua huwa limekwisha kuukuta mgongo wako. Kaa kushoto wakati wote, na ukisikia honi kabla ya kona isiyoonekana upande wa pili, usiipuuze, kwa kuwa ni basi au lori linakuarifu kwamba litahitaji karibu barabara nzima kugeuka. Siku za gulio malori ya kabichi na matenga ya nyanya huwa mengi zaidi, na mimi siku hizo huahirisha safari.

Soni ndipo pa kunywa chai na kula ndizi, na maporomoko ya maji yako pale pale, huhitaji kuyatafuta. Hapo pia ndipo ninapowasihi wanaokimbilia Lushoto wapige breki, kwa sababu kutoka Soni kuna njia iendayo Vuga, na Vuga ndiyo iliyokuwa makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, husimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka nchi ya Ngulu na mbwa wake, akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, akaua simba, na hatimaye akafanywa mtawala wao. Mzao wake, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mnamo 1862, alitambuliwa kuwa mtawala kuanzia milima hii hadi pwani. Mmisionari Krapf alimfuata huko mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852, na mara zote mbili alipanda kwa miguu, jambo ambalo hunipa aibu kidogo kila ninapolalamikia tandiko langu. Usitarajie kasri wala minara, maana mji ule ulijengwa kwa udongo, miti na majani. Njia, kwa jinsi nilivyoikuta, ilikuwa ya udongo mwekundu, hivyo tairi nyembamba za milimita 23 ziache nyumbani. Mimi hutumia za milimita 32 na hupunguza upepo kidogo. Ukimkuta mzee barazani, shuka kabisa kwenye baiskeli ndipo umpe shikamoo. Mimi nilijifunza pia kusema "Onga maundo", salamu ya Kisambaa ya asubuhi, na pamoja na lafudhi yangu ya pwani iliyowachekesha, nilikaribishwa uji na kuoneshwa njia ya mkato ambayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa ya mbuzi.

Lushoto yenyewe, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, nitaipita haraka, kwa kuwa kila mtu huiandika. Panda badala yake hadi Magamba. Hewa hubadilika ghafla unapoukaribia msitu. Jasho lililokuwa likikutiririka linageuka baridi mgongoni, na ukungu unaweza kukufunika saa nne asubuhi kana kwamba hakuna jua duniani. Miti mikubwa ya mikulo imesimama kimya, mbega weupe kwa weusi wanaruka juu, na lami huwa na unyevunyevu na majani yaliyooza hata siku ambazo hakukunyesha. Kuingia ndani ya hifadhi kunahitaji kibali na malipo, basi ulizia ofisi ya misitu kabla, usije ukabishana getini ukiwa umechoka. Mwenye siku ya pili aendelee hadi Mlalo, ambako nyumba za udongo zenye ghorofa na vibaraza vya mbao zimejazana kwenye bonde, na ambako wamisionari wa Kilutheri walifika mwaka 1891.

Kurudi ndiko kulikoniumiza. Watu huogopa kupanda, lakini kupanda hakujawahi kunitupa mtaroni. Mara ya pili nilishuka kutoka Soni nikiwa nimebana breki bila kuachia, kwa woga, na sikujua kwamba breki za mpira zinapoisugua rimu muda mrefu, rimu hupata moto, moto huo huenda kwenye tyubu, na gundi ya kiraka hulainika. Kwenye kona moja nilisikia harufu kama ya kandambili zinazoungua, kisha tairi la mbele likaisha upepo kwa pumzi moja. Niliangukia kwenye mtaro wa maji, nikachubuka kiwiko, na nilipoigusa rimu niliondoa kidole upesi. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka kwa miguu, akiishikilia baiskeli yake ya Phoenix iliyobeba mikungu miwili ya ndizi, alisimama, akaniangalia, akaniambia kwa upole kwamba yeye ana miaka mingi kwenye kona hizo na hajawahi kuzishuka akiwa juu ya baiskeli yenye mzigo.

Sasa nashuka hivi: napunguza mwendo barabara ikiwa bado imenyooka, naachia breki ninapoingia kwenye kona, natazama mahali ninapotaka kutokea na si ukingo wa bonde, na ninapishanisha breki ya mbele na ya nyuma kwa vipindi vifupi. Kila baada ya kilomita nne au tano nasimama rimu zipoe, hata kama sijachoka. Rimu zikilowa kwa ukungu, breki hazishiki mara ya kwanza, kwa hiyo nazigusa kidogo mapema ili zikauke. Tyubu ninazoshukia hazina kiraka hata kimoja. Zenye viraka ni za mjini.

Na kwa kuwa mwili uliolowa jasho ukipigwa na upepo wa mteremko hutetemeka hadi mikono ikashindwa kubana breki, mimi hununua gazeti Lushoto, nikalikunjua na kulivaa kifuani ndani ya shati. Safari ya mwisho lilikuwa limelowa chapachapa nilipofika Mombo na kukutana tena na lile joto, na fundi aliye karibu na stendi akaniomba alichukue afutie mnyororo wangu.