Nembo yako mwenyewe: anza na jina

Ukiwa mgeni kwenye ubunifu wa michoro, kuna kazi itakayokusumbua kuliko zote: nembo yako mwenyewe. Ya mteja unaimaliza vizuri, yako inazunguka miezi. Mteja huja na mahitaji, bajeti na tarehe ya mwisho, ilhali wewe kwako hujajiwekea hata kimoja. Basi jiandikie maelekezo ya kazi, ukurasa mmoja tu. Unataka kuitwa kwa kazi gani? Nani atakulipa? Nembo itaonekana wapi zaidi, kwenye simu au kwenye karatasi? Weka tarehe, na ikifika, funga kazi.

Swali la kwanza ndilo zito. Anayetaka kuchora vitabu vya watoto na anayetaka kubuni programu za benki hawawezi kujitambulisha kwa sura moja. Wengi wanaliruka, wanakimbilia kuchora kalamu, brashi au balbu. Lakini aliyefungua ukurasa wako tayari anajua kuwa wewe ni mbunifu. Anachohitaji kukishika ni jina lako.

Ndiyo maana kwa anayeanza nasisitiza: andika jina lako, na uliandike vizuri sana. Chagua fonti moja ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia kibiashara. Zile zinazotolewa chini ya SIL Open Font License zinaruhusu. Lichape jina kubwa, kwa rangi nyeusi, kisha tazama nafasi kati ya herufi. A ikifuatwa na V huacha pengo kwa sababu mistari yao inayotazamana imelala upande mmoja, zisogeze. T ikifuatwa na o, o hubaki mbali kana kwamba si ya neno hilo. Iingize chini ya mkono wa T. Herufi mbili zilizosimama wima, kama l na i, hutaka kupumua zaidi. Ukichora herufi mwenyewe, O iache ipite kidogo mstari wa juu na wa chini, la sivyo jicho litaiona ndogo kuliko H iliyo kando yake. Halafu geuza jina zima juu chini. Usipoweza kulisoma kwa urahisi, utaanza kuyaona mapengo. Hapa ndipo muda wako unapostahili kuishia, na mteja mwenye jicho huona tofauti hata asipojua kuieleza.

Ukitaka kifupi, herufi za mwanzo zinatosha. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, aliyefariki mwaka 1528, alitia kwenye michoro yake A pana yenye D ndogo katikati ya miguu yake. Ilikuwa na uzito kiasi kwamba mchongaji wa michoro ya kuchapwa Marcantonio Raimondi alipozinakili kazi zake huko Italia, aliinakili na alama hiyo. Hakuna kalamu wala brashi pale, na bado watu wanaitambua.

Kisha ijaribu. Ipunguze hadi pikseli 16 kwa 16, ukubwa wa ikoni ya tovuti kwenye kivinjari. Ikigeuka doa, punguza vitu. Ione kwa nyeusi tupu kabla ya kugusa rangi. Rangi utakayoitumia kwa maandishi ipime dhidi ya mandhari yake: WCAG, mwongozo wa kuzifanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, na njano juu ya nyeupe haikaribii hapo. Faili ya asili iwe vekta, yaani mchoro unaoweza kukuzwa bila kupoteza ukali. Kumbuka pia kwamba kijani kinachong'aa kwenye skrini hufifia kikichapwa kwa CMYK, yaani wino nne za uchapaji, kwa hiyo chapa sampuli kabla ya kuagiza kadi.

Marafiki usiwapelekee matoleo kumi uwaulize lipi zuri. Kila mmoja atachagua kwa ladha yake na utabaki na vurugu. Waonyeshe moja kwa sekunde chache, iondoe, kisha uliza: umesoma jina gani, na ungenipa kazi gani?

Nembo ikishatulia, hamia kwenye ankara, makadirio ya bei, sahihi ya barua pepe na majina ya faili unazowatumia watu. Fonti ileile, rangi ileile, nafasi pembeni zilezile. Mimi huutambua umakini wa mbunifu kwenye ankara yake mapema kuliko kwenye nembo, maana ankara ndiyo mteja anayoisoma mstari kwa mstari.