Mnauliza, tunajibu: China na Taiwan

Wote wanazungumza Kichina. Wanagombania nini? (Msomaji, Tanga)

Wanagombania nani ana haki ya kutawala. Mwaka 1949 Wakomunisti wa Mao Zedong walishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Chiang Kai-shek akavuka bahari na serikali yake hadi Taiwan, kisiwa kilichokuwa koloni la Japani kuanzia 1895 hadi 1945. Kwa miaka mingi kila upande ulijiita China halali. Beijing ingali inasema Taiwan ni jimbo lake. Watu wa Taiwan, ambao tangu 1996 wanamchagua rais kwa kura zao, wengi wao hawataki kutawaliwa na Beijing, na mimi siwalaumu.

Mahasimu wanafanyaje biashara? (Msomaji, Mombasa)

Tazama Kinmen. Kisiwa hicho ni cha Taiwan, lakini kiko kilomita chache tu kutoka Xiamen, mji wa China bara, na lahaja ya huku na kule ni moja. Agosti 1958 bara lilianza kukimiminia makombora, zaidi ya 470,000 kwa siku 44. Baadaye yakawa yanapigwa siku moja, siku ya pili kimya, hadi mizinga ilipokoma mwanzoni mwa 1979. Wahunzi wa Kinmen waliokota vyuma vile wakafua visu vya jikoni. Feri za kwenda Xiamen zilipoanza 2001, watalii wa bara wakawa wanakuja kununua visu hivyo hivyo. Na tangu 2018 Kinmen inapata maji kutoka mkoa wa Fujian, kwa bomba lililolazwa chini ya bahari. Jirani anayekujazia mtungi ndiye uliyemjengea mahandaki! Sijui ugomvi mwingine unaonigusa kama huu.

Biashara kubwa ilishika kasi baada ya 1987, Taiwan iliporuhusu watu kwenda kuwaona ndugu zao bara. Wenye viwanda nao wakafuata; Foxconn, kampuni ya Taiwan, huunganisha simu za iPhone mjini Zhengzhou. Lakini hofu haikuisha. Mwaka 2014 wanafunzi waliingia bungeni Taipei wakakaa humo wiki kadhaa, wakipinga mkataba wa biashara ya huduma na Beijing, na mkataba ukakwama. Mwaka 2021 Beijing ikafunga mlango kwa mananasi ya Taiwan. Ilisema yana wadudu, ila aliyeumia ni mkulima ambaye siasa hizo hakuzianzisha yeye.

Je, kuna nchi ya Afrika inayoitambua Taiwan? (Msomaji, Bujumbura)

Moja tu, Eswatini.

Sisi huku yanatuhusu nini? (Msomaji, Nairobi)

Yanatuhusu sana. Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa uliipa Beijing kiti cha China kwa kura 76 dhidi ya 35, na Tanzania, ikiwakilishwa na Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele kuipigania. Marekani haikusahau: miaka kumi baadaye ilimzuia Salim asiwe Katibu Mkuu.

Kwenu Kenya, kumbuka Aprili 2016. Makumi ya raia wa Taiwan waliotuhumiwa utapeli wa simu walipakiwa kwenye ndege Nairobi wakapelekwa China bara badala ya Taipei, ingawa baadhi yao mahakama ya Kenya ilikuwa imekwisha kuwaachia huru. Serikali ilisema inatambua China moja tu. Kwangu mimi, mtu aliyeachiwa na hakimu alistahili kurudishwa kwao.