Je, Imani Niliyoipata Kundini ni Yangu?

SWALI: Shikamoo, mzee wetu. Niliokoka nikiwa kidato cha pili, katika mkesha wa wanafunzi bwenini, sote tukiimba na kulia. Sasa nimepanga chumba mjini, nasali peke yangu, na machozi yale hayaji tena. Kaka yangu, ambaye alisoma vitabu vya dini miaka mingi kabla ya kuamini, huniambia kwamba nilifuata mkumbo tu. Je, ni kweli? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa kuwa neno hilo “mkumbo” linachoma, na kaka yako amelitumia kana kwamba njia ya kundi na njia ya utafiti hazikutani kamwe.

Utazame Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu Bukoba. Kwa mbali unaonekana kuwa jambo la kundi tupu: makutano makubwa, toba ya hadharani, na wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ambao waumini wanauimba hadi leo. Hata hivyo, mojawapo ya chemchemi zake ilikuwa Kampala mwaka 1929, pale Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walipoketi wawili tu na Biblia, wakiyachunguza Maandiko kwa kiu. Tena waliotubu walitakiwa kurudisha walivyoiba. Aliyeungama jioni, wenzake wakiimba, kwamba jembe la jirani liko nyumbani kwake, asubuhi alilichukua begani na kwenda kubisha hodi mwenyewe. Njiani hapakuwa na kwaya.

Upande wa pili yupo Salman al-Farisi, ambaye Waislamu wanamheshimu kama mtafutaji wa kweli aliyeiacha nyumba ya baba yake huko Uajemi, alikokuwa yeye mwenyewe mtunza moto wa ibada, akahama kutoka kwa mwalimu mmoja hadi mwingine, akauzwa utumwani, na hatimaye akafika Madina. Huko aliipima habari aliyoachiwa na mwalimu wake wa mwisho, kwamba nabii ajaye hatakula sadaka ila atakula zawadi: alipeleka chakula akisema ni sadaka, Mtume hakula bali aliwapa masahaba, alipopeleka tena akisema ni zawadi, Mtume akala. Uchunguzi wa makini kuliko huo ni nadra. Lakini safari yote hiyo, kwa simulizi yake mwenyewe, ilianza siku alipopita kando ya kanisa akasikia sauti za watu wakisali, akaingia kuwatazama, asitoke mpaka jua lilipokuchwa.

Kwa hiyo sikubaliani na kaka yako, ingawa namheshimu kwa miaka yake ya kusoma. Bweni lilikufikisha mlangoni. Chumba hicho cha kupanga, unakosali bila mtu wa kukuona, ndimo unamojibu mwenyewe, na ukavu unaoupata humo usiuhesabu kuwa ushahidi dhidi yako. Soma Injili moja polepole, andika maswali yako bila woga, kisha tafuta wenzako wachache wa kuyajadili nao, maana kundi bado unalihitaji. Na siku mkiketi kwa utulivu, mwulize kaka yako ni nani aliyemsikia akisali kabla hajafungua kitabu chake cha kwanza.