Ukienda kufundisha mazingira Usambara, picha ya tembo iache mjini

Nimezunguka na klabu za mazingira za shule za huku Amani, wilayani Muheza, hadi nimechoka kuona kuta za madarasa zilizochorwa simba na pundamilia. Mtoto wa Usambara Mashariki atawaona wapi hao? Na nyuma ya choo cha shule yake yupo kinyonga dume mwenye pembe tatu, ambaye duniani kote anaishi kwenye milima ya Tao la Mashariki tu, safu ambayo Usambara ni sehemu yake. Anza na huyo.

Najua kinyonga anaogopwa, wengine humwona mkosi. Usibishane na imani za nyumbani mbele ya watoto. Mwache kinyonga apande fimbo, mkae kimya, mtazame jicho moja likiangalia mbele na jingine nyuma mpaka ulimi unase nzi. Maswali yatakuja yenyewe. Mbona huyu hana pembe? Ni jike. Anataga wapi? Ardhini. Hapo mmeshaingia kwenye habari ya moto wa kusafishia shamba unaopita juu ya mayai hayo, na neno bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, hujalitamka.

Kwa watu wazima, usiitishe mkutano asubuhi watu wakiwa kwenye mashamba ya chai. Na ujiandae kuulizwa kuhusu iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka miche chini yake; msitu unaonekana mzima, kumbe wazee wakianguka hakuna warithi. Lielezeni hilo mkiwa mmesimama shambani. Ukisema msitu unalinda Mto Zigi unaoipa Tanga maji, utajibiwa, "Kwa hiyo sisi tunawatunzia watu wa mjini?" Wana haki. Zungumzia chemchemi yao kwanza.

Jambo moja nalisisitiza: usiuze uhifadhi kwa ahadi ya fedha peke yake. Hapa watu walifuga vipepeo na kuuza mabundo (pupa, hatua ya kiwavi kabla ya kuwa kipepeo) nje ya nchi, wakapanda nyumbani miti ambayo viwavi hula majani yake. Hakuna semina iliyowahi kufundisha vizuri kama ile. Halafu mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai nje, na vipepeo wakiwamo. Aliyekuwa amepanda kwa ajili ya soko tu, ungemwambia nini?

Kwa matembezi ya msituni, omba kibali cha hifadhi mapema, kisha mtafute bibi anayejua dawa na majina ya miti kwa Kisambaa, yeye ndiye aongoze. Na kama wewe mgeni unalipwa posho, naye apewe yake siku hiyohiyo.